Skrini inasema 4, chupa ina barafu: kisa cha sensa iliyobadilishwa na tatizo likarudi

Mwenye friji amekubali kisa chake kiandikwe. Nimeondoa jina, anapokaa, aina ya friji na namba ya modeli, na fundi aliyetangulia simtaji pia, maana alichofanya kinafanywa na karibu kila mtu anayeshika bisibisi. Sababu ya kukiandika ni kwamba watu wanaongelea sana sensa yenyewe, yaani kidude kinachopima joto ndani ya friji, ni ipi, ni ya K (kilo omu) ngapi, inakaa wapi, halafu ile sehemu unapounganisha waya mbili inapitwa kama haipo, na hapo ndo kazi nyingi za namna hii zinapofia.

Friji yenyewe na malalamiko

Ni friji ya milango miwili, freeza juu, chumba cha baridi ya kawaida chini, ile aina ambayo haijazi barafu ukutani. Ivaporeta, yaani mabomba yanayotengeneza baridi, ni moja tu, imefichwa nyuma ya ukuta wa freeza, feni inapuliza hewa ya baridi, nyingi inabaki freeza na nyingine inashuka chini kupitia njia yenye kimlango kidogo cha kufunguka na kufunga, mafundi tunakiita dampa. Kompresa (pampu inayosukuma gesi) iwake lini, feni izunguke vipi, dampa ifunguke au ifunge, yote hayo yanaamuliwa na bodi, ile sakiti ya umeme inayoendesha friji, na bodi haijui lolote kuhusu baridi isipokuwa inachoambiwa na sensa. Friji hii ina sensa tatu: ya freeza, ya chumba cha chini, na moja iliyobanwa kwenye ivaporeta kwa ajili ya kuyeyusha barafu. Kisa hiki ni cha ile ya chini.

Malalamiko yalikuwa kwamba chumba cha chini kinagandisha. Majani ya mboga yanakuwa makavu kama plastiki, ukiyatoa yakayeyuka yanalegea yanakuwa maji matupu, maziwa yana chenga za barafu, chupa ya maji iliyokaa karibu na tundu la hewa ina barafu shingoni. Kompresa ilikuwa karibu haipumziki. Freeza haikuwa na shida yoyote. Na kwenye skrini ya mlangoni, siku zote, 4.

Hapo weka kituo kidogo. Friji nyingi skrini inaonyesha joto ulilochagua tu, sio joto lililopo ndani, kwa hio kabla hujasema skrini inadanganya hakikisha kwanza inaonyesha nini. Hii ilikuwa inaonyesha joto halisi, ukibonyeza kuchagua namba inapepesa, ukiacha inarudi kwenye inachokisoma. Tulihakikisha kwa kuacha mlango wazi, namba ikapanda taratibu. Basi kama maji yanaganda na bodi inaamini ni nyuzi 4, kuna mtu katikati hapo anasema uongo, maana maji hayagandi kwenye nyuzi 4.

Kabla sijaitwa

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa watu wa karibu, na ulikuwa ule ule wa siku zote: gesi imeisha, ongeza gesi. Mwenye friji alikataa, na alikuwa sahihi. Gesi ikipungua friji inashindwa kupoza, barafu inashika kipande cha ivaporeta tu na kwingine kunabaki kutupu, kompresa inafanya kazi na bado vitu vinaharibika kwa joto. Friji inayogandisha chumba cha chini wakati freeza iko sawa haina dalili ya kukosa gesi, ina dalili ya kukosa breki.

Fundi wa kwanza naye hakugusa gesi, nampa hongera kwa hilo. Alifungua kifuniko cha sensa ya chini, akaikata, akaipima mezani kwa mita ya umeme ikasoma 9.1K. Sensa ya aina hii kwenye nyuzi 25 inatakiwa isome 10K, yaani kilo omu 10, na chumba kilikuwa na joto kuliko 25 kidogo, kwa hio akasema inaonekana nzima. Hata hivyo akaweka mpya, kwa hoja kwamba sensa ni bei ndogo na kujaribu hakuumi. Akasokota waya kwa waya, akafunga tepu nyeusi ya umeme, akarudisha ndani ya tundu lake, akafunga kifuniko.

Na friji ikapona. Wiki kadhaa ilikaa vizuri kabisa. Halafu ikaanza tena, kidogo kidogo, mpaka ikafika pale pale ilipokuwa na kuzidi.

Aliporudi akasema sasa ni bodi, maana sensa ameshabadilisha. Mtu mwingine aliyeulizwa akasema hivyo hivyo, bodi. Bei ya bodi ilikuwa mara nyingi ya bei ya sensa, na mwenye friji akaona kabla hajatoa hela hio apate maoni mengine. Kuna jambo moja aliniambia kwa kupita tu, hata yeye hakuliona kama ni la maana: kila akiizima friji usiku kucha na kuacha milango wazi, ikiwashwa inakaa sawa siku kadhaa halafu inarudia. Kwa wale walionitangulia kumsikiliza hio ilikuwa dalili kwamba bodi inachoka na ikipumzika inapata nafuu. Mimi hilo la bodi kuchoka sijawahi kulielewa.

Sensa inavyosema na bodi

Hili ni fupi lakini bila hili yanayofuata hayaeleweki. Sensa hizi ni kidude kidogo ambacho ukinzani wake, yaani kiasi kinavyouzuia umeme usipite, unapanda baridi ikizidi na kushuka joto likizidi. Bodi inapitisha umeme mdogo, inasoma ukinzani, inatafsiri kuwa nyuzi. Kwa sensa ya aina iliyokuwa kwenye friji hii, namba za kukumbuka ni hizi: nyuzi 25 inasoma 10K, nyuzi 5 inasoma kama 22K, sifuri kama 27K, hasi 2 karibu 30K, hasi 20 karibu 68K. Friji nyingine zinatumia sensa za 5K au 2K na nyingine kabisa, usichukue namba hizi ukazipeleka kwenye friji usiyoijua.

Kitu cha kushika ni mwelekeo. Ukinzani ukisomeka mdogo kuliko ukweli, bodi inaona kuna joto, inazidi kupoza. Ukisomeka mkubwa kuliko ukweli, bodi inaona baridi imetosha, inazima mapema na vitu vinachacha. Yetu ilikuwa inapoza kupita kiasi, kwa hio nilichokuwa natafuta ni kitu kinachopunguza ukinzani. Sensa iliyochoka inaweza kufanya hivyo. Maji pia yanaweza.

Uamuzi wa kwanza: tusiizime

Kawaida fundi akija anaanza kwa kusema toa vitu, zima, acha barafu iyeyuke kesho tuangalie. Hapa nilikataa. Tatizo linaloondoka friji ikikaa wazi usiku kucha linanuka unyevu, na ukikausha kabla hujapima umefuta ushahidi, utapima kila kitu kitakuwa kizima, utafunga, utaondoka, na siku chache baadaye simu inaita. Kwa hio friji iliendelea kufanya kazi ikiwa mbovu, na kipimo kikafanyika ikiwa kwenye ubovu wake.

Tukaweka kipimajoto cha nje chenye waya mwembamba, ncha yake tukaibandika pembeni kabisa ya kifuniko cha sensa, waya ukapita kwenye mpira wa mlango bila kuacha mwanya, mlango ukafungwa, friji ikaachwa usiku mzima ikiwa imewekwa 4. Asubuhi kipimajoto kilisoma hasi 2. Skrini ikasema 4.

Hapo ikapatikana tofauti ya nyuzi 6, na ni kubwa mno kuisingizia hewa au mahali kipimajoto kilipokaa. Tofauti ya nyuzi 1 au 2 ningeiacha.

Kupimia kwenye bodi, mlango umefungwa

Watu wengi wanapima sensa kwa kufungua mlango, kutoa kifuniko na kushika waya pale pale. Shida ni kwamba sensa ni ndogo na inapata joto haraka, ukishafungua mlango na kuishika kwa vidole inaanza kubadilika mkononi, hujui tena unapima ukiwa kwenye nyuzi ngapi. Waya za sensa zote zinaishia kwenye bodi nyuma ya friji. Ukipimia huko, mlango unabaki umefungwa na sensa haijui kama unaipima.

Friji ikachomolewa ukutani, sio kuzimwa kwa swichi tu. Tukasubiri dakika kadhaa, maana bodi hizi, hasa zenye kompresa ya inveta (ile inayobadilisha kasi), zina kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, ambazo zinabaki na umeme wa kutosha kukurusha hata baada ya kuchomoa. Kifuniko cha nyuma kikafunguliwa, mchoro wa waya ulikuwa umebandikwa ndani yake, tukaitambua plagi ya sensa ya chini na kuitoa kwenye bodi. Kuitoa ni lazima. Ukipima ikiwa bado imechomekwa, mita inasoma sensa pamoja na resista (kifaa chenye ukinzani wake) ya bodi na unapata namba isiyo na maana.

Mita ikasoma kama 23K, lakini haikutulia, 22 na kitu, 24, inarudi 23. Nikageuza ncha za mita, nyekundu palipokuwa na nyeusi, namba ikaruka ikawa nyingine kidogo, halafu ikaanza kutambaa. Hapa ndipo nilipoacha kabisa kuifikiria bodi. Sensa haina upande wa chanya na hasi, ukigeuza ncha inatakiwa isome vile vile. Ukiona inabadilika na kutambaa, kuna maji na chumvi mahali fulani kati ya waya mbili, na mita yako inasoma kitu kinachojifanya betri ndogo.

Halafu angalia namba yenyewe. 23K kwenye jedwali la sensa hii ni nyuzi 4. Bodi ilikuwa inapewa 23K na inaandika 4. Bodi haikukosea hata kidogo, ilitafsiri vizuri uongo iliopewa. Kwenye hasi 2 ilitakiwa ipewe karibu 30K.

Kwa tahadhari nikapima na sensa ya freeza kwenye plagi yake, kama shahidi. Ikasoma karibu 61K, imetulia, ukigeuza ncha haibadiliki, na freeza ilikuwa hasi 18. Zinaendana. Kwa hio mita yangu nzima, jedwali ni lenyewe, njia ya kupima ni sawa, tatizo liko kwenye laini ya sensa ya chini tu.

Kwa nini mezani ilionekana nzima

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo moyo wa kisa. Unyevu kati ya waya mbili ni kama umeweka resista ya pili sambamba na sensa, umeme ukapata njia mbili za kupita na ukinzani wa jumla ukashuka. Tuseme unyevu huo ni 100K. Kwenye nyuzi 25 sensa ni 10K, sambamba na 100K unapata 9.1K, na 9.1K ni kama nyuzi 27 na kitu. Nani atashtuka kwa nyuzi 2? Anasema tu chumba kina joto. Sasa peleka sensa hio hio kwenye hasi 2, iwe 30K, sambamba na 100K unapata 23K, ambayo ni nyuzi 4, uongo umeshafika nyuzi 6. Ungekuwa kwenye freeza, hasi 20, 68K sambamba na 100K inakuwa kama 40K, bodi inaona hasi 9, umepotea nyuzi 11.

Yaani uvujaji ule ule, kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyoharibu zaidi, kwa sababu ukinzani wa sensa umepanda na njia ya pembeni imekuwa rahisi kwa umeme kupita. Kipimo cha mezani kwenye joto la chumba kinakuonyesha mahali ambapo ubovu ni mdogo kuliko kwingine kote. Ile 9.1K ya fundi wa kwanza haikuwa kipimo kibaya, mita yake ilisema kweli, ila ilikuwa inajibu swali ambalo friji haikuuliza.

Kukata laini vipande

Sasa sensa, viungo, au waya unaopita ndani ya ukuta? Plagi ikabaki nje ya bodi, tukafungua kifuniko cha sensa ndani. Plastiki za friji zikiwa na baridi kali vishikizo vyake vinavunjika kama biskuti, kwa hio tulisubiri kidogo ipate joto kabla ya kubana, bila kuacha mpaka ikauke.

Nyuma ya kifuniko kuna kishimo kwenye ukuta wa povu, na ndani yake palikuwa na fundo la tepu. Nilipolivuta likaja na matone ya maji. Tepu ilikuwa imeteleza, gundi imegeuka kama lami, na ilikuwa tepu moja iliyofunga viungo vyote viwili vikiwa ubavu kwa ubavu, shaba tupu kwa shaba tupu, katikati hakuna kitu ila gundi iliyolowa. Shaba yenyewe imekuwa nyeusi na ukijani pembeni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikakata upande wa sensa, chini ya fundo, fundo likabaki kwenye waya wa friji. Kule nyuma kwenye plagi mita ilitakiwa isome hewa, laini iliyokatika, maana hakuna tena sensa. Ikasoma karibu 100K, inatambaa. Nikakata fundo lenyewe. Ikasoma hewa, ncha huku ncha kule, hewa. Kwa hio waya wa ukutani mzima, uvujaji wote ulikuwa ndani ya lile fundo.

Sensa iliyokatwa ikaingia kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kiasi, ikakorogwa, ikaachwa dakika chache. Hio ni sifuri unayoweza kuipata jikoni bila chombo chochote cha maabara, ila barafu iwe nyingi na maji yawe ya kujaza nafasi tu. Ikasoma 27K na ikatulia. Sensa mpya ilikuwa nzima muda wote.

Na ile ya zamani? Mwenye friji alikuwa ameitunza, watu wanaotunza vipuri vibovu ni msaada mkubwa sana. Imekaa kavu muda mrefu, kwa hio nikaiweka kwenye barafu na kuiacha. Mwanzo ikasoma 26 na kitu, ukaona kama nzima, ikakaa, ikaanza kushuka, 25, 23, ikaishia 21. Ukiangalia kwa karibu mahali waya unapoingia kwenye kichwa cha sensa, gundi ngumu inayoziba pale ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Maji yalikuwa yanaingia. Kwa hio fundi wa kwanza alibadilisha kitu kibovu kweli, halafu tepu yake ikatengeneza ubovu ule ule upya sentimita chache nyuma ya sensa.

Tulivyotengeneza na kwa nini hivyo

Kwanza, sensa nzima tuitumie au tuweke nyingine? Nilitaka kuitumia. Lakini nilipovua ganda la waya zake kutafuta shaba inayong'aa, weusi ulikuwa umepanda ndani ya ganda, maji yanapanda ndani ya waya wa nyuzi nyuzi kama utambi, na kila nikikata nakuta bado. Mpaka nilipofika kwenye shaba safi waya ulikuwa mfupi mno kuunganisha bila kuvuta. Tukaweka nyingine yenye waya mrefu, aina ile ile, na kabla haijaingia ikapita kwenye glasi ya barafu. Umbo la plagi na rangi ya waya sio uthibitisho. Ukiweka ya 10K kwenye friji inayotaka 5K, chumba kikiwa nyuzi 25 bodi inaweza kuona chini ya nyuzi 10, itakuwa inazima kompresa mapema na utaanza kesi nyingine kabisa.

Upande wa friji nao ulikatwa mpaka shaba safi, na hapo kuna presha kidogo maana ukikata sana waya unarudi ndani ya povu na hutauona tena.

Pili, kusolda au kubana? Kusolda na kufunika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani ni kazi nzuri sana, mezani. Ndani ya friji ni tofauti. Friji nyingi za sasa zinatumia gesi ya R600a, ambayo ni isobutane na inawaka. Ipo kidogo, viwango vya kimataifa kwa friji za nyumbani viliiwekea ukomo wa gramu 150 na friji nyingi zina chini ya hapo, lakini kuwasha kiberiti ndani ya kabati lililofungwa pande tano ili usinyaishe mpira, karibu na povu na plastiki, mimi siipendi hata kama nina uhakika hakuna uvujaji. Tukatumia vile vikofia vidogo vya kubana vyenye mafuta mazito ndani, wanavyotumia watu wa waya za simu. Unaingiza waya, unabana kwa koleo, mafuta yanazunguka shaba yote na maji hayana pa kuingia, na hakuna moto.

Tatu, viungo havikukaa ubavu kwa ubavu. Waya mmoja ulikatwa mfupi kuliko mwingine, kiungo kimoja kikawa mbele kingine nyuma, hata siku maji yakiingia kwenye kimoja hakina jirani wa kuvujia. Halafu waya ukapindwa ushuke kabla ya kupanda, tone likitelemka linadondokea chini ya kipindo badala ya kufuata waya hadi kwenye kiungo.

Kuna aliyependekeza tujaze silikoni kishimo chote. Silikoni ile inayonuka siki inatoa asidi inapokauka na inakula shaba, tukaacha. Na ukijaza kishimo unaweza kuizuia sensa isiguswe na hewa, ikawa inapima joto la ukuta.

Baada ya hayo yote ndo friji ikazimwa, milango wazi, ikaachwa hadi barafu yote kwenye njia ya hewa na kwenye dampa iyeyuke. Chumba kilichoganda muda mrefu kinaweza kuwa na barafu inayoishika dampa ikiwa wazi, ukiwasha bila kuyeyusha utaona bado inagandisha na utaanza kuitilia shaka kazi yako nzuri. Hakuna kisu kilichotumika kuchokoa barafu. Ukitoboa ivaporeta hio friji umeiua.

Matokeo

Friji ikawekwa 4. Kipimajoto cha nje safari hii kikaingia kwenye glasi ya maji rafu ya katikati, sio hewani, maana hewa inapanda na kushuka kila kompresa ikiwaka na kuzima, maji yanakupa wastani. Baada ya siku nzima kilikuwa kinazunguka kwenye 4, skrini nayo ikisogea 3 mpaka 5. Kompresa ikaanza kupumzika, mwenye friji aliligundua hilo kwa sikio kabla ya kuangalia namba. Freeza ilibaki hasi 18.

Miezi kadhaa baadaye nilipata nafasi ya kupima tena kwenye plagi ya nyuma. Namba iliendana na kipimajoto, imetulia, ukigeuza ncha haibadiliki. Hicho cha mwisho ndicho nilichokuwa nakitaka zaidi.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Kilichookoa kesi ni kuacha ubovu uendelee mpaka upimwe. Mita ingekuwa hio hio, jedwali hilo hilo, lakini baada ya usiku mmoja wa milango wazi lile fundo lingekauka na kila kipimo kingesema kizima. Kigugumizi cha mita kilichangia sana pia. Mtu mwenye haraka angeandika 23K na kuendelea, wakati kule kutotulia ndiko kulikosema ni maji na sio sensa iliyochoka.

Kilichokwama mwanzo ni zaidi ya tepu. Friji ilipopona baada ya sensa kubadilishwa, kila mtu alichukua kupona huko kama ushahidi kwamba kazi imekamilika, na iliporudia ikachukuliwa kwamba sensa imeshaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Kumbe kilichobadilishwa ni sensa pamoja na viungo viwili ambavyo friji haikuwa navyo kabla. Laini ya kiwandani haikuwa na kiungo pale. Ukirudi kwenye kazi iliyorudia, cha kwanza kukagua ni kile ulichoongeza wewe.

Watu wengine waliuliza mbona friji haikuonyesha kodi ya kosa, yaani herufi au namba ya kutaja ubovu kwenye skrini. Bodi nyingi zinatoa kodi laini ikikatika kabisa au ikigusana kabisa, yaani ukinzani ukitoka nje ya kile kinachowezekana. 23K inawezekana kabisa, ni nyuzi 4 safi, bodi haina sababu ya kulalamika. Kutokuwepo kwa kodi hakuisafishi sensa.

Na bodi je, ingekuwaje kama ndo mbaya kweli? Kipimo kile kile cha nyuma kingesema. Kama kwenye hasi 2 plagi ingetoa 30K iliyotulia na skrini bado ikasema 4, basi laini yote ni safi na uongo unatengenezwa ndani ya bodi, na hapo unaanza na umeme wa volti 5 unaolisha sensa, kisha ile resista inayokaa nayo, ambayo yenyewe tu ikibadilika thamani itakupa dalili hizi hizi na inaweza kubadilishwa bila kununua bodi nzima.